Ufunguo wa Njia Panda

Mvua za kwanza zikisha kunyesha katika Katanga, twaona kando ya barabara zitokazo Lubumbashi akina mama wameketi na mabeseni yao ya uyoga, ule ambao kwetu watu wengi huuita bowa. Kuna uyoga mdogo wa rangi ya manjano, umeokotwa chini ya miti ya msituni. Kuna uyoga mkubwa kama mwavuli, umeota juu ya kichuguu. Watu husimamisha magari, hununua, huenda kupika. Jioni hula pamoja na watoto wao, na asubuhi huamka wazima.

Lakini katika msitu ule ule kuna uyoga mwingine, mzuri wa kutazama, nao waweza kuua. Nani amewahakikishia watu wote hao kwamba beseni la mama huyu halina sumu? Hakuna karatasi wala muhuri. Yapo macho ya mama tu.

Siku moja tulimwuliza mama mmoja mzee, “Mama, wajuaje kwamba huu ni mwema?” Alicheka kidogo, akauchukua uyoga mmoja, akaugeuza. Kwanza alitazama chini ya kofia yake. Kisha akatazama kama shina lina pete. Kisha akagusa mguu wake, pale ulipotoka udongoni. Mwisho akaunusa, akasema, “Huu niliuokota juu ya kichuguu.” Mambo matano, moja baada ya jingine, na kila moja lilifunga njia moja na kufungua nyingine. Mama yule hakujua kwamba alikuwa akifanya kazi ambayo wataalamu wa Ulaya waliitafutia utaratibu kwa karne nyingi, na ambayo leo hufanywa hata na kompyuta, ile mashine ambayo sisi huku twaiita ordinatere. Kazi hiyo wanaiita ufunguo. Tunataka leo kuwasimulia habari zake.

1. Ufunguo ni nini?

Msafiri asiyejua nchi akifika njia panda, huuliza. Akiambiwa, “Shika kulia kama wataka kwenda mtoni,” hushika kulia. Akifika njia panda ya pili huuliza tena, na mwisho anafika. Ufunguo wa majina ni hivyo hivyo. Una kitu mkononi, jani au mdudu, wala hujui jina lake. Kitabu kinakuuliza swali lenye majibu mawili. Unatazama kitu chako, unachagua jibu moja, nalo linakupeleka kwenye swali jingine, mpaka unafika penye jina.

Tuchukue mfano wa shambani. Tuna majani matano: la mahindi, la mgomba, la maharage, la mhogo tunalopikia sombe, na la kiazi kitamu tunaloliita matembele. Ufunguo wake ni huu:

1. Mishipa midogo ya jani imelala sambamba, haifanyi wavu: nenda 2. Mishipa imefanya wavu: nenda 3.
2. Jani ni jembamba kama upanga: mahindi. Jani ni pana, mtoto aweza kujikinga nalo mvua: mgomba.
3. Jani limegawanyika vijani vitatu: maharage. Jani ni moja tu, hata kama limekatwa pembeni: nenda 4.
4. Shina ni gumu na limesimama: mhogo. Shina ni laini na linatambaa chini: kiazi kitamu.

Kwa mimea mitano tumehitaji njia panda nne. Ndiyo kanuni: idadi ya njia panda ni pungufu ya moja kuliko idadi ya majina. Tena, msafiri hapiti njia panda zote. Zikipangwa vizuri, maswali 10 yanatosha kutenga vitu 1,024, na maswali 20 yanatosha kutenga vitu zaidi ya milioni moja. Hapo twaona nguvu yake.

Tazameni pia neno moja katika namba 4. Tungaliweza kuandika, “Jani limekatwa kama vidole: mhogo. Jani lina umbo la moyo: kiazi kitamu.” Ingalikuwa rahisi zaidi kusoma. Lakini kuna aina za viazi vitamu ambazo majani yake nayo yamekatwa kama vidole. Mtu mwenye jani la namna hiyo angepelekwa kwenye mhogo, asijue kwamba amepotea. Kwa hiyo tumeuliza habari za shina. Kumbe anayetunga ufunguo hana budi kuwa ameona mimea mingi kuliko anayeutumia.

2. Mti wa Porfirio

Sisi tuliosoma falsafa kidogo seminarini tulichorewa ubaoni Mti wa Porfirio. Wengi wetu tulidhani ni jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Porfirio alizaliwa katika karne ya 3 huko Tiro, katika nchi tunayoiita leo Lebanoni. Aliandika kwa Kigiriki kitabu kidogo kiitwacho Isagoge, kuwa mlango wa kuingilia katika mafundisho ya Aristotele. Hakuwa rafiki wa Wakristo, hata aliandika vitabu vya kuwapinga. Lakini Boetio alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, na walimu wa Kikristo wakakifundisha katika shule zao karne baada ya karne. Hawakukataa taa kwa sababu ya mkono ulioiwasha.

Katika vitabu vya karne za kati mafundisho hayo yalichorwa kama mti. Vitu vilivyopo: vyenye mwili, visivyo na mwili. Vyenye mwili: vyenye uhai, visivyo na uhai. Vyenye uhai: vyenye kuhisi, visivyohisi. Vyenye kuhisi: vyenye akili, visivyo na akili. Hivyo tunashuka mpaka kwa mtu. Kila mahali matawi ni mawili, na kitu hakiwezi kukaa katika yote mawili.

Hata hivyo mti huo haukuwa ufunguo bado. Mwanafalsafa anajua tangu mwanzo kwamba anazungumza juu ya mtu, naye anatafuta kueleza mtu ni nini. Mwenye ufunguo anasimama msituni na jani mkononi, hajui lolote. Yeye hatafuti asili ya kitu kwanza. Anatafuta alama iliyo wazi, ambayo jicho laweza kuiona.

Mwaka 1689, Mwingereza Richard Waller alitengeneza majedwali ya mimea ya nchi yake, yenye picha zilizopangwa kwa matawi, ili mtu aweze kuifikia mimea kwa kuchagua. Hiyo ni mojawapo ya funguo za kwanza tunazozijua. Lakini kazi yake haikuenea kwa watu wengi. Ilibidi kungoja karibu miaka 90 zaidi.

3. Askari aliyeandika kwa lugha ya watu wake

Katika karne ya 18 aliyesifiwa kuliko wote kwa elimu ya mimea alikuwa Carl Linnaeus, Msweden. Mwaka 1735 alitoa mpango wake wa kuigawa mimea katika makundi 24, hasa kwa kuhesabu na kuangalia viungo vya kiume vilivyomo ndani ya ua. Mwaka 1753 aliipa mimea majina ya maneno mawili ya Kilatini, na desturi hiyo inafuatwa hata leo. Lakini vitabu vyake vilikuwa vya Kilatini, na mtu asiye na mwalimu aliona shida kuvitumia.

Huko Ufaransa alikuwako Jean-Baptiste de Lamarck, aliyezaliwa mwaka 1744 katika kijiji cha Bazentin. Baba yake alitaka awe padri, akampeleka kusoma kwa Wayesuiti wa Amiens. Baba alipokufa, kijana aliacha masomo akaenda vitani, akasifiwa kwa ushujaa. Baadaye shingo yake iliumia, akaondoka jeshini. Akakaa Paris na fedha chache, akajifunza uganga, kisha akaipenda mimea kuliko uganga.

Lamarck alitoa kitabu cha mimea ya Ufaransa katika majuzuu matatu, chenye mwaka 1778 juu ya jalada lake. Buffon, mkuu wa Bustani ya Mfalme, alimsaidia kikapigwa chapa kwa gharama ya serikali. Mambo mawili katika kitabu hicho yalikuwa makubwa. La kwanza, Lamarck aliandika kwa Kifaransa, lugha ya watu wake. La pili, alitengeneza ufunguo wa njia panda: kila mara maneno mawili yanayopingana, na msomaji achague. Alieleza wazi kwamba kupanga mimea kwa ukoo wake ni kazi moja, na kumsaidia mtu apate jina la mmea ni kazi nyingine. Kwa kazi hii ya pili yafaa kutumia alama yoyote iliyo rahisi kuonekana, hata kama haisemi neno juu ya ukoo.

Watu walikipenda kitabu hicho. Mwaka 1805 kilitolewa kwa mara ya tatu, kikiongezwa na Augustin Pyramus de Candolle, na ufunguo ukaenea katika nchi nyingi. Lamarck mwenyewe alijulikana baadaye zaidi kwa mafundisho yake juu ya kubadilika kwa viumbe. Alikufa Paris mwaka 1829, maskini na kipofu, akitunzwa na binti zake. Aliyewafundisha wengine kutazama alimaliza siku zake bila kuona. Lakini ufunguo wake ulibaki mikononi mwa watu.

4. Kosa letu chini ya jakaranda

Sasa tueleze ubaya wa ufunguo wa karatasi, nao tuliujua wenyewe. Tulipokuwa vijana seminarini, padri mmoja mzee alitupa kitabu cha mimea, kwa Kifaransa, akatutuma uani tutafute jina la mti. Tukaenda chini ya jakaranda, ule mti wa maua ya zambarau unaopamba barabara za Lubumbashi. Sisi hatukujua jina lake. Tukachuma kijani kimoja kidogo sana. Kitabu kikauliza: “Jani ni moja, au limegawanyika vijani?” Tukajibu bila wasiwasi, “Ni moja,” kwa maana tulikuwa na kimoja mkononi. Tukaendelea na maswali 15 kwa uangalifu mwingi, tukafika kwenye jina la kichaka cha mabondeni ambacho hakifanani hata kidogo na mti uliokuwa juu ya vichwa vyetu.

Padri alitazama, akacheka, akatuonyesha. Jani la kweli lina chipukizi mahali linaposhikamana na tawi. Tulichochuma hakikuwa na chipukizi, maana kilikuwa kipande kidogo tu cha jani kubwa lenye vijani mamia. Tulikosa katika swali la kwanza, na uangalifu wote wa maswali yaliyofuata ukawa bure.

Huo ndio ugonjwa wa kila ufunguo wa njia panda. Kosa moja mwanzoni halisamehewi. Tena ufunguo haukuruhusu kuruka swali. Ukiulizwa habari za ua, nawe uko msituni wakati usio wa maua, utafanya nini? Umesimama njia panda, hakuna wa kukujibu.

5. Kadi zenye matundu

Watu waliona shida hiyo, wakatafuta dawa. Mwaka 1938 Mwingereza S. H. Clarke alieleza njia ya kutambua mbao kwa kadi. Kila aina ya mti ilikuwa na kadi yake, na pembeni mwa kadi kulikuwa na safu ya matundu. Kila tundu lilikuwa na maana yake, yaani alama moja ya ubao. Kama mti una alama hiyo, tundu lake linakatwa mpaka ukingoni, liwe wazi. Sasa fundi anashika kadi zote pamoja, anapitisha sindano ndefu katika tundu la alama aliyoiona, anainua. Kadi za miti yenye alama hiyo zinaanguka mezani, nyingine zinabaki kwenye sindano. Anazichukua zilizoanguka, anatia sindano katika tundu jingine, mpaka inabaki kadi moja.

Mwaka 1969 huko Denmark, Hansen na Rahn walitoa kadi za namna nyingine kwa ajili ya jamaa za mimea yenye maua. Hapa kila kadi ilikuwa ya alama moja, na matundu yalikuwa ya jamaa za mimea. Ukiziweka kadi kadhaa moja juu ya nyingine na kuziinua penye mwanga, nuru inapita katika tundu la jamaa yenye alama zote hizo.

Faida yake ni kubwa. Unaanza na alama yoyote uliyo nayo. Huna ua? Anza na jani. Huna jani? Anza na gome. Njia panda imekuwa uwanja wenye milango mingi, nawe waingia kwa mlango ulio karibu nawe.

6. Kompyuta yaingia kazini

Kadi zilikuwa karibu sana na kompyuta. Mwaka 1970 Richard Pankhurst, Mwingereza, alitoa habari za programu yake ya kutunga funguo kwa kompyuta. Huko Canberra, Australia, katika idara ya wadudu ya shirika la utafiti la serikali liitwalo CSIRO, Michael Dallwitz na wenzake walianza mwaka 1971 kazi ambayo baadaye ilipewa jina DELTA. Mwaka 1974 Dallwitz alieleza programu yake ya kutunga funguo, na mwaka 1980 alitoa utaratibu wa kuandika sifa za viumbe kwa namna ambayo kompyuta yaweza kusoma.

Inafanyaje kazi? Mtaalamu hatungi tena ufunguo wenyewe. Yeye anajaza jedwali. Upande mmoja anaandika majina ya viumbe, upande wa pili alama: umbo la jani, rangi ya ua, idadi ya mbegu. Katika kila chumba cha jedwali anaandika alichokiona. Hapo kompyuta inachagua swali lipi liwe la kwanza. Inatafuta alama inayogawa majina yote katika mafungu yaliyo karibu sawa, ili safari iwe fupi. Mtaalamu anaweza kuiambia pia, “Alama hii ni rahisi kuonekana, ile yadanganya,” nayo itatanguliza ile rahisi. Ukigunduliwa mmea mpya, unaongeza mstari mmoja katika jedwali, na kompyuta inatunga ufunguo upya. Kazi iliyokuwa ya miezi imekuwa ya muda mfupi.

Baadaye zikaja programu za kuzungumza na mtumiaji. Katika DELTA ile inayofanya hivyo huitwa Intkey. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilitengenezwa Lucid katika miaka ya 1990. Paris, katika mji ule ule wa Lamarck, Jacques Lebbe na Régine Vignes Lebbe walitengeneza Xper tangu miaka ya 1980. Programu hizi zinakuruhusu kuanza na alama yoyote, kuruka swali, na kuona majina yaliyobaki yakipungua mbele ya macho yako. Tena Intkey yaweza kusamehe: ukiiruhusu, haitalitupa jina kwa sababu ya kosa moja. Kama tungalikuwa nayo siku ile chini ya jakaranda, huenda jina la kweli lingalibaki katika orodha mpaka mwisho.

Msidhani kwamba njia panda za Lamarck zilitupwa. Hao wenye Lucid walitengeneza pia programu iitwayo Phoenix, ya kuchukua funguo za zamani za vitabuni na kuzitia katika kompyuta, njia panda baada ya njia panda, pamoja na picha. Maana ufunguo uliotungwa vizuri bado unamwongoza mwanafunzi kama mzee anavyomshika mtoto mkono.

7. Funguo za Kongo

Na sisi je? Katika Kongo wamisionari ni baadhi ya watu waliokusanya mimea mingi. Huko Kisantu, bruder Justin Gillet, Myesuiti, alianzisha bustani ya mimea mwaka 1900, nayo ipo hata leo. Mimea kadhaa imeitwa kwa jina lake. Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, na makao yake makubwa yakawa Yangambi, kando ya mto Kongo. Mwaka 1948 likatoka juzuu la kwanza la kitabu kikubwa cha mimea ya Kongo na Ruanda-Urundi. Majuzuu yalifuatana, jina la kitabu likabadilika baada ya uhuru, na kazi hiyo haijaisha.

Ndani ya majuzuu hayo zimo funguo nyingi kwa Kifaransa. Ndani yake pia, chini ya mimea mingi, yameandikwa majina ya wenyeji. Nani aliyatoa? Waliopanda miti kukata matawi, waliobeba mizigo, waliotangulia njiani, wazee waliokaribisha wageni vijijini. Mara nyingi majina ya mimea yao yamo katika kitabu, majina yao wenyewe hayamo. Tena mwana wa mtu yule hawezi kuutumia ufunguo ule asipojua Kifaransa kigumu cha wataalamu. Lamarck aliwaandikia Wafaransa kwa Kifaransa mwaka 1778. Sisi bado tunangoja aliyetuandikia kwa Kiswahili.

Ni kweli kwamba kazi njema haijakoma. Mwaka 2017 De Kesel, Kasongo na Degreef walitoa kitabu juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga. Wanaookota na kuuza uyoga wana mengi ya kuulinganisha na kitabu kama hicho, kama wangekipata katika lugha yao.

8. Mwisho wa macho

Yafaa kusema pia ufunguo hauwezi nini. Mwaka 1968 Gillies na De Meillon walitoa kitabu kikubwa chenye funguo za mbu wa malaria wa Afrika kusini ya Sahara. Kwa kutazama madoa ya mabawa na miguu, mfanyakazi wa afya aliweza kufika kwenye jina Anopheles gambiae. Lakini tayari katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu waliowazalisha mbu hao pamoja waliona kwamba madume waliozaliwa walikuwa tasa. Maana yake chini ya sura moja walikuwamo ndugu kadhaa, wengine wakipenda damu ya watu, wengine damu ya ng'ombe. Jicho haliwatengi. Tangu miaka ya 1990 hutengwa kwa kupima chembe za urithi katika maabara. Ufunguo wa macho unatufikisha mlangoni. Ndani ya nyumba hii twahitaji taa nyingine. Kwetu si jambo dogo, kwa kuwa Kongo ni kati ya nchi zinazoumizwa na malaria kuliko zote duniani.

Siku hizi vijana wana dawa nyingine mfukoni. Unapiga picha ya mmea kwa simu, nayo inakuambia jina. Pl@ntNet, iliyotengenezwa Ufaransa, ilianza kutumika katika simu mwaka 2013. Ni msaada mzuri, hatuukatai. Lakini simu inajua yale iliyoonyeshwa. Maua ya Ulaya yamepigwa picha nyingi mno, na miti ya misitu yetu michache. Tena simu haikuongozi swali kwa swali, basi hukujifunza kutazama. Ukimpigia picha uyoga kutoka juu, simu haioni mguu uliofichwa udongoni, na huenda pale pale ipo ile ala kama mfuko ambayo uyoga wengi wenye sumu kali wanayo. Hata anayekata uyoga kwa kisu juu ya ardhi ameiacha alama kubwa nyuma yake. Na hata mfuko huo peke yake hautoshi, maana uko uyoga mwema unaoliwa Katanga wenye mfuko vile vile. Msomaji asijaribu kula kitu kwa sababu simu, kitabu au makala haya yamempa jina. Amwulize anayejua, na mwenye shaka aache.

9. Tufanye nini?

Tunarudi kwa mama wa kando ya barabara. Wakati tulipozungumza naye, mjukuu wake alikuwa karibu, akitazama simu. Tulimwuliza kijana kama anajua uyoga upi ni mwema. Akasema, “Bibi anajua.” Mama akanyamaza.

Ndugu, jibu lile lilitutia hofu. Ufunguo wa mama umo kichwani mwake, haujaandikwa popote. Siku atakapozikwa utazikwa naye, na kijana atabaki njia panda akiwa na njaa na watoto. Jedwali ambalo kompyuta inalihitaji hujazwa na mtu aliyeona kwa macho yake. Huko Canberra hawakuwa na mama huyu wa kumwuliza. Sisi tunaye.

Walimu wa shule zetu wanaweza kuanza bila ordinatere wala umeme. Chukueni daftari, mwandike miti 10 ya kiwanja cha parokia kwa majina ya Kiswahili na ya kikwetu. Waiteni wazee waseme kila mmoja unatambulikanaje. Watoto wachore jedwali, kisha watunge njia panda tisa, wampe mtoto wa darasa jingine aujaribu ufunguo wao. Akipotea, wasimcheke. Watafute ni swali lipi lililompoteza, walisahihishe. Siku moja programu zitalipokea jedwali hilo, kwa sababu hazijali lugha ipi imeandikwa ndani yake.

Nasi tuliopotea chini ya jakaranda tumeanza na uyoga. Jumapili iliyopita yule mjukuu aliketi na bibi yake, akaandika swali la kwanza: “Geuza kofia. Chini yake kuna nini?”